Keif ya Fundi Lutfu na Taa ya Hajji Muslih

Kwa miaka thelathini na mmoja taa ya chumba cha juu cha Hajji Muslih iliwashwa na mtu mmoja tu, Fundi Lutfu, na hakuna aliyewahi kumwagiza. Swichi yenyewe ilikuwa karibu zaidi na mimi, maana mahali pangu ni mlangoni, penye viatu. Lakini nilijua, kama wote walivyojua, kwamba kuigusa si kazi yangu.

Sababu ni vioo. Fundi Lutfu ni mchonga jasi. Mwaka ule mvua zilipoangusha ukuta wa magharibi wa nyumba ya Hajji, yeye, wakati huo kijana wa miaka ishirini na tisa, ndiye aliyechonga yale matao mawili juu ya madirisha na kuyajaza vioo vyekundu, vya manjano, vya kijani na vya buluu. Alipomaliza, Hajji alimwambia, "Wewe uliyeyachonga ndiye unayejua kuyatazama. Kaa pale." Pale ni upande wa mashariki, mahali pa nne kutoka kichwa cha chumba, katikati ya wenye maduka na watu wa ukoo. Hapa Sanaa mchonga jasi hakai pale. Mchonga jasi hukaa na mimi, penye viatu. Lutfu alikaa, watu wakamtazama, Hajji akawatazama watu, na jambo likaisha.

Tangu siku hiyo akawa ndiye mlinzi wa saa yetu. Jua likianza kushuka nyuma ya mlima, alikuwa akivitazama vioo vyake vikifa kimoja kimoja. Nyekundu hufa kwanza. Kisha manjano, halafu kijani hujikokota kidogo. Buluu ndiyo ya mwisho. Ikishakufa buluu, Lutfu aliweka mkono kwenye goti, akasema "Ya Latifu," akainuka kuwasha taa. Taa ikiwaka, watu hukohoa, hutafuta viatu, hushuka ngazi kwenda kuswali. Kikao kimekwisha.

Anayejua mirungi ataelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa zito. Tunaanza kutafuna saa nane, baada ya chakula. Saa mbili za kwanza ni za makelele. Kila mmoja ana habari, kila mmoja ana mpango. Barabara zinajengwa, visima vinachimbwa, mawaziri wanafukuzwa na kurudishwa. Kule Tanga nilikozaliwa, hali hiyo wangeiita stimu. Kisha, jua likielekea kuzama, hakuna aliyeamuru, maneno yanapungua kama maji ya birika, mwisho yanakatika. Hiyo ndiyo Saa ya Suleiman. Hakuna anayesema, hakuna anayewasha taa, na hakuna anayemwuliza mwenzake anawaza nini. Watu wazima kumi wanakaa gizani na macho wazi. Hali hiyo ndiyo huitwa keif.

Nilipokuwa bado mgeni wa neno hilo nilimwuliza Fundi Lutfu kama keif si yale makelele ya mwanzo. Alicheka mpaka akashika shavu lisimwagike.

"Yale ni majani yanaongea, Karani. Yakinyamaza majani, na wewe ukanyamaza, kikabaki kitu cha tatu mle chumbani, basi hicho."

Nina tabia ya kuandika. Ni ugonjwa wa ofisini. Nimekaa posta miaka ishirini na mbili nikiandika vitu vya watu. Kwa hiyo niliandika na hilo, na mengine aliyoyasema siku nyingine. Kwamba makelele humpanda mtu, lakini keif humshukia. Kwamba haiitwi, na ukiikimbilia inahama mtaa. Kwamba jasi mbichi nayo ina keif yake: ukishaimwaga kwenye ubao kuna muda wa kuiacha kabla ya kuipitisha kisu, na fundi mwenye haraka huutambua muda huo kwa kuuharibu. Alilitumia neno hilo hata kwa mbuzi wa mke wake, akiwa amelala juani anacheua: "Mwacheni, yuko kwenye keif." Mtu akimwudhi, alisema, "Fulani amenivunjia keif," na hilo kwake lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunjiwa kikombe. Mwenyewe hakuwahi kumvunjia mtu.

Mwaka jana, baada ya Mfungo Mosi, alianguka ngazini. Hakuumia, lakini bintiye Ishraq alimpeleka kwa daktari, kijana mmoja aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu.

"Mzee, unatafuna?"

"Nani hatafuni?"

"Mimi sitafuni."

"Pole, mwanangu."

"Moyo wako unakimbia kama farasi aliyekatika hatamu. Ukiendelea na mirungi, mwakani nitamwona binti yako hapa peke yake."

Ishraq alilia njia nzima. Lutfu alimwahidi, na Lutfu si mtu wa kuahidi ovyo. Tangu siku hiyo hakutia jani la mirungi kinywani. Tatizo likawa chumba cha Hajji Muslih.

Kwetu mtu mwenye shavu kavu hakai kikaoni. Si sheria iliyoandikwa, lakini inajulikana. Mtu ambaye hakutafuna, Saa ya Suleiman inapoingia, yeye yuko macho. Anasikia nani ameguna, nani ametaja jina la mke wa kwanza, nani amefuta jicho. Ni kama mtu aliyevaa nguo zake zote katika hamamu, bafu la watu wote. Anayeacha mirungi huacha na kikao. Hutafuta msikiti wa kukaa, au hukaa nyumbani anamchosha mkewe. Na mahali pake, tuseme mahali pa nne upande wa mashariki, panaliwa na mwingine ndani ya wiki. Watu wawili walikuwa wakipatamani pale tangu zamani, na mmoja wao alikuwa Naji, muuza zabibu.

Basi Fundi Lutfu akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa umri wake. Haya niliyajua baadaye, kwa kinywa cha mke wake, Taqiya, aliyemsimulia mke wangu. Alianza na nanaa, lakini nanaa inanuka. Akajaribu majani ya mrihani, meno yakawa meusi. Mwisho akashuka chini kwenye zizi, akachuma majani ya malisho ya mbuzi, yale laini ya juu, akayaosha, akayafunga ndani ya kitambaa chake cha kila siku.

"Baba Ishraq, unafanya nini na chakula cha mbuzi?"

"Nakwenda kutafuna."

Taqiya alimtazama, akamtazama mbuzi. "Na huyu atafune nini? Kilemba chako?"

"Nitamkatia mengine."

"Mtu na akili zake anagombania majani na mnyama! Waambie ukweli."

"Nikiwaambia, nitakaa wapi?"

Taqiya akakichukua kile kitambaa. Akamfungia majani vizuri zaidi, mabichi kwa nje, ili yasinyauke.

Rangi ilikuwa ileile, shavu lilivimba vilevile. Ila kuna desturi moja aliyoisahau, au alitumaini haitamfikia. Kikaoni watu hurushiana matawi. Ukiona tawi zuri, ncha laini nyekundu, hulitafuni peke yako. Unamrushia mwenzako ng'ambo ya chumba, naye baada ya muda anakurudishia la kwake. Siku ya kwanza Hamud, dereva wa malori anayekaa mkabala naye, alimrushia tawi. Lutfu akalipokea. Arudishe nini? Malisho?

Akili ya fundi ikafanya kazi. Alilishika tawi la Hamud kwa muda, akaligeuzageuza kama anayelipenda, kisha akamrushia Naji. Naji akamrushia la kwake; hilo akamrushia Hamud. Kila mmoja akapata, kila mmoja akashukuru, na Fundi akasifiwa kwa ukarimu. Jamani, aliishi hivyo siku arobaini. Nilikaa pale mlangoni siku zote hizo, nami najiona mtu wa kuangalia mambo, wala sikuona kitu. Nilichokiona ni kwamba tumbo lake lilikuwa na kelele. Jioni moja, katikati ya Saa ya Suleiman, lilinguruma kwa muda mrefu, na Naji akafumbua jicho moja akanong'ona, "Hajji, umefuga ng'ombe?" Kwa kuwa si saa ya kucheka, tulicheka kwa mabega tu.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa Jumatatu. Naji alikuja na mirungi iliyotoka Hamdan, ghali, na humo kulikuwa na tawi lenye ncha mbili, kama ulimi wa nyoka. Alilionyesha kila mtu. "Hili ni la mfalme," alisema. Akamrushia Fundi Lutfu, kwa sababu siku hiyo alikuwa na furaha, na kwa sababu Fundi alikuwa mkarimu sana siku zile.

Lutfu alilishika, akalisifu, akangoja robo saa, akamrushia Hamud. Sasa Hamud alikuwa amelala msikitini mchana, akafika amechelewa. Hakuwapo tawi lilipoonyeshwa. Aliliona zuri, akaona haya kulitafuna peke yake. Akalirusha.

"Naji! Pokea hili. Zawadi ya Fundi, lakini uzuri wake unakufaa wewe."

Naji akalidaka. Akalitazama. Akahesabu ncha: moja, mbili.

"Hili limetoka wapi?"

"Nimekwambia, kwa Fundi."

"Nami nimempa Fundi." Nikaona mambo yanapangana kichwani mwake kama zabibu kwenye trei. "Hamud, jana ulinipa tawi lenye kovu la kisu?"

"Sikukupa mimi. Nilimpa Fundi."

"Na juzi nililotoa mimi, lenye kijani cha mafuta?"

"Nililipata kwa Fundi."

Chumba kizima kikamgeukia Lutfu. Yeye alikuwa ameweka mkono kwenye kitambaa chake. Naji aliruka, na Naji ni mnene, si mtu wa kuruka; akakifungua kitambaa.

"La ilaha illallah," alisema. "Hiki ni chakula cha mbuzi!"

 Hamud akaanza kucheka, nikafuata mimi, Mungu anisamehe, na hata Hajji Muslih alifunika mdomo kwa ncha ya shali. Lutfu alitema majani kwenye kopo, akapangusa mdomo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Daktari amenikataza. Moyo."

Kicheko kikakatika.

"Ungesema," Hamud akasema.

"Ningesema, mngenihurumia leo, na kesho ningekuwa kwenye ngazi."

"Siku arobaini!" Naji alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi. "Siku arobaini umekaa na sisi mkavu! Unatutazama! Mimi Saa ya Suleiman nimelia hapa kwa ajili ya marehemu ndugu yangu, na wewe uko macho kama polisi wa forodha!"

"Sikukutazama wewe."

"Unamtazama nani, basi?"

"Vioo."

"Vioo! Hajji, mtu mkavu ni shahidi, si rafiki. Keif haishuki penye shahidi. Akae nyumbani kwake na mbuzi wake, wanakula sahani moja."

"Naji, ndugu yangu," Hajji Muslih akasema, "kaa chini, unanikanyagia mto." Hajji alikuwa amestaafu biashara ya nguo, na kwa sauti yake ungedhani anapima kitambaa. "Hasira yako nusu ni ya haki, na nusu ni ya mahali pa nne."

Naji akakaa.

"Lakini ile ya haki siwezi kuitupa," Hajji akaendelea. "Watu huja hapa ili wasionekane. Lutfu, sema mwenyewe. Saa inapoingia, inakushukia au umekaa tu?"

Kwa mtu mwongo hilo lingekuwa swali jepesi. Fundi Lutfu alifikiri.

"Sijui, Hajji."

"Basi njoo kesho bila malisho. Kaa mahali pako. Naji atakuangalia, kwa kuwa anapenda mambo yaangaliwe. Ikikushukia, kiti chako ni chako, na shavu lako ni shauri lako na daktari. Isipokushukia, wewe mwenyewe utajua, wala sitahitaji kukwambia."

Ilikuwa hukumu ya haki, na ilimwumiza kila mtu. Jioni ile hakuna aliyepata kitu. Lutfu alipoinuka kuwasha taa, mkono wake ulipapasa ukuta kabla ya kupata swichi. Miaka thelathini na mmoja, na mkono ukapapasa.

Kesho yake nilimkuta kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, ameketi anapumzika kwa ajili ya moyo. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu ya Idi, na mkononi ana chupa ya chai, lakini ndani yake mlikuwa na kishri, maji ya maganda ya kahawa na tangawizi, aliyoipika Taqiya.

"Mama Ishraq amesema nisiende kuombaomba kiti," aliniambia. "Nikamwambia siombi. Nimeomba?"

"Hujaomba, Fundi."

"Karani, nikwambie kitu, usiandike." Nimeandika, mwenyewe aliniruhusu baadaye. "Wiki mbili za kwanza haikuja kabisa. Nilikuwa nikiigiza. Nafumba jicho polepole kama Hajji. Tumbo limejaa upepo, nahesabu boriti za dari. Ziko kumi na nne. Halafu siku ya kumi na tisa kikanishukia kitu. Lakini sijui kama ndicho chenyewe au ni uzee." Akavuta pumzi. "Zamani nilikuwa najua sana habari hizi. Wewe uliandika. Nilisema nini?"

Daftari huwa nalo. Nikamsomea pale ngazini: kwamba haiitwi, kwamba ukiikimbilia inahama mtaa.

"Nilisema hivyo?"

"Kwa mkono wangu, tarehe tatu, mwezi wa Shaaban."

"Siku hiyo lazima nilikuwa na mirungi nzuri," akasema. Akainuka.

Aliingia akatoa salamu moja kwa wote, kama desturi, bila kupeana mikono, akaenda mahali pa nne. Shavu lake lilikuwa tambarare. Sikuwa nimejua kwamba upande mmoja wa uso wake una kishimo. Miaka yote kilikuwa kimefunikwa. Naji alikuwa tayari amejipanga mkabala naye, amebadilishana mahali na Hamud, mbele yake fungu zima la mirungi bora kuliko ya jana, na kando bakuli la zabibu zake nyeusi. Alikuwa ameazimia.

Saa mbili za makelele zilipita vibaya. Hakuna aliyejua azungumze nini mbele ya mtu mkavu. Hamud alijaribu kujenga barabara ya kwenda Maribu, akaiachia njiani. Lutfu alikuwa akiwamiminia watu kishri na kunywa yake taratibu. Mara mojamoja alimtazama Naji, akakuta Naji anamtazama.

"Unameza nini?" Naji aliuliza.

"Mate yangu. Nayo una shauri?"

Hapo watu wakacheka, na kidogo chumba kikalegea. Hajji akasimulia habari ya mteja wake aliyenunua kitambaa cha sanda akajishonea kanzu. Tuliijua, tukaicheka tena. Jua likafika kwenye tao la jasi. Rangi zikashuka ukutani, zikapita juu ya takia, zikamfikia Lutfu kifuani: nyekundu kwenye ndevu, kijani begani. Maneno yakaanza kupungua. Hamud akalegeza kilemba. Hajji akaegemea. Mwisho ulisikika mchemko wa kiko cha maji tu, nao ukaachwa.

Mimi siku hiyo niliamua nisitafune sana, nipate kuona. Kwa hiyo nilimwona Naji. Alikaa wima kama mlinzi wa lango, macho kwa Lutfu. Kila yalipotaka kulegea, alijifinya paja. Tafuna ya nguvu, mate, tafuna tena. Mirungi ya bei ile, na yote ilikuwa ikienda kwenye ulinzi. Jasho lilimtoka.

Nyekundu ikafa. Lutfu hakusogea. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, vina jasi nyeupe kwenye mistari isiyotoka hata kwa sabuni ya Idi. Naji akachukua zabibu moja, akairusha. Ikamwangukia Lutfu pajani. Hakusogea. Manjano ikafa. Naji akarusha ya pili, kwa nguvu zaidi. Ikanasa kwenye ndevu, ikakaa humo. Lutfu akapumua, pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo ghorofa ya tano, na macho yake hayakuondoka kwenye tao.

Kijani kikajikokota, kikafa.

Azana ikaanza msikiti wa chini, ikajibiwa na wa pili, na wa tatu. Kwa kawaida hapo buluu huwa imebaki kama pumzi tatu, kisha mkono unawekwa gotini, "Ya Latifu," na taa. Niliingoja "Ya Latifu." Azana ikaisha. Chumba kikawa giza hata sikuona tena vidole vyangu. Mtu mmoja alikohoa. Hajji Muslih akasema polepole, kama kutoka ndani ya kisima, "Taa."

Hakuna aliyeinuka. Mwenye taa hakuwapo.

"Taa, jamani, swala."

Mkono wangu ulikuwa shibiri moja kutoka swichi. Sikuunyosha.

Nikasikia mtu akiinuka kwa kuguna, akakanyaga kopo, akamkanyaga Hamud, akaja mpaka mlangoni akipapasa, akipumua juu ya kichwa changu. Taa ikawaka. Alikuwa ni Naji. Peke yake katika chumba kizima macho yake yalikuwa makavu kama ya mchana.

Watu wakaanza kukohoa na kutafuta viatu. Fundi Lutfu alipepesa macho mara mbili tatu. Akamtazama Naji pale kwenye swichi, akautazama mkono wake, akalitazama tao lililokuwa jeusi kabisa.

"Mbona umewasha?" aliuliza. "Buluu bado ipo."

"Buluu ilikufa zamani!" Naji alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Imekufa, imezikwa, na fungu langu zima limezikwa nayo! Saa nzima nimemlinda mtu ambaye hayupo! Hajji, nani atanirudishia keif yangu?"

Lutfu akagusa ndevu zake, akaikuta zabibu, akaitazama, akaila. "Zabibu ya nani? Tamu," akasema.

Hapo Hajji Muslih alicheka kwa sauti, kitu ambacho hafanyi baada ya azana, akamwomba Mungu msamaha, akacheka tena. Hamud alikuwa amejilaza kwenye takia anapiga mto ngumi. Naji akasimama katikati yetu, akataka kukasirika, midomo ikamsaliti.

"Kesho," alimwambia Lutfu akimnyooshea kidole, "taa uwashe wewe. Mimi sina kazi hiyo tena."

"Nitawasha."

"Na utavaa kanzu ya kawaida. Hapa si harusini."

Wakashuka pamoja. Ghorofa ya tatu Lutfu alisimama kupumzika, na Naji, ambaye husema ngazi zile zimejengwa kwa ajili ya mbuzi, alisimama naye, akimlaumu muda wote.

Kesho yake matawi yalianza kurushwa kama kawaida. Naji alichagua moja, akaliinua, akakumbuka, akalirudisha. Akachota zabibu kiganja kimoja, akazifunga kwenye kipande cha karatasi, akamrushia Fundi Lutfu. Fundi akashukuru, akazishika muda kidogo, akazisifu, akamrushia Hamud. Hamud akazitazama, akaona haya kula peke yake, akamrushia Hajji. Hajji hana meno ya zabibu. Akanirushia mimi, kule mlangoni, nami nikazila.